Kompyuta haiitambui pleya yangu ya muziki, na ndani kuna sauti ya bibi. Msaada wakuu

#1 Mjukuu (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Nina pleya ndogo ya muziki, ya zamani kidogo, ya GB 4, yenye kichomekeo cha mini-USB ubavuni. Inawaka, inapiga nyimbo vizuri, betri inakaa. Tatizo ni kwamba nikiichomeka kwenye kompyuta, kioo cha pleya kinaonyesha alama ya betri inayojaa, lakini kompyuta inakaa kimya kabisa. Hakuna mlio, hakuna dirisha linalofunguka, na kwenye orodha ya diski hakuna kilichoongezeka. Natumia Windows 10.

Nimezima na kuwasha vyote viwili mara nyingi. Nimehama poti hii kwenda ile. Nimepakua programu mbili zinazodai kurekebisha draiva, sikuona tofauti.

Ingekuwa nyimbo tu ningeachana nayo. Pleya hii ina kinasa sauti, na miaka kadhaa iliyopita nilikaa na bibi yangu siku tatu nikamrekodi akinisimulia maisha yake tangu utotoni. Rekodi kumi na moja. Bibi ametangulia mbele ya haki, na mimi sikuwahi kuzihamisha. Juzi nilifungua folda ya rekodi kwenye pleya yenyewe, ikaniambia haina kitu. Nikazima, nikawasha, yakaonekana mafaili matatu. Tangu hapo ni hayo hayo matatu.

Naomba mwenye uelewa anisaidie. Na kama kuna jambo sitakiwi kulifanya, niambieni mapema kabla sijalifanya.

#2 WayaMbili

Pole sana mkuu kwa kumpoteza bibi.

Kwanza acha kurekodi chochote humo, usiongeze wimbo, usifute wimbo. Mafaili yasiyoonekana mara nyingi bado yapo, lakini ukiandika kitu kipya kinaweza kukaa juu yake.

Pili, kebo uliyotumia ilikuja na hiyo pleya au uliipata kwenye droo?

Nakuuliza kwa sababu kebo ya kawaida ya USB 2.0 ina nyaya nne ndani. Mbili ni za umeme: volti 5 na ardhi. Mbili nyingine ni za data, zinaitwa D+ na D-. Kuna kebo nyingi zilizotoka na vifaa vya kuchajiwa tu, kama spika au tochi, ambazo zile mbili za data hazimo kabisa. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ukiichomeka, betri inajaa kama kawaida, ila kompyuta haisikii kitu.

Kompyuta hugundua kwamba kuna mgeni pale tu kifaa kinapovuta mmoja wa nyaya za data juu kwa umeme mdogo. Ndio hodi yenyewe. Ukimya unaouelezea maana yake hodi haijafika, na programu yoyote ya draiva haiwezi kuleta hodi isiyopigwa. Tafuta kebo ambayo una uhakika imewahi kuhamisha picha au mafaili, hata kama ni ya kamera, halafu ujaribu.

#3 Masikio

Mkuu rahisi tu. Futa draiva zote za USB, rudisha upya, ikigoma fomati pleya kisha weka programu yake mpya kutoka kwa watengenezaji. Yangu ilipona hivyo.

#4 Soketi

Masikio, ndugu yangu, soma tena #1. Pleya yako ilikuwa na nyimbo ambazo ulikuwa nazo pia kwenye kompyuta. Huyu mwenzetu ana sauti ya marehemu isiyo na nakala popote. Kubadilisha programu ya ndani kwenye pleya nyingi kunaweza kufuta kila kitu, na kufomati kunafuta jedwali linaloonyesha faili liko wapi. Mjukuu, usifanye lolote kati ya hayo mawili. Fuata WayaMbili, anza na kebo.

#5 Mjukuu

Asanteni sana. Nimeazima kebo ya kamera, vichwa ni vile vile. Safari hii kompyuta IMELIA. Mlio wa kuunganishwa, sekunde kama mbili, kisha mlio wa kukatika, kisha ujumbe kwamba kifaa cha USB hakitambuliki. Kwenye Device Manager imeandikwa "Unknown USB Device (Device Descriptor Request Failed)" na pembetatu ya njano. Nikifungua inasema Code 43.

Basi ile kebo yangu ilikuwa ya kuchaji tu. Nimekuwa nikihangaika nayo wiki nzima.

#6 Soketi

Hiyo ni hatua kubwa, ingawa kwa macho inaonekana kama umetoka kwenye ubaya kuingia kwenye ubaya.

Hodi ikishapigwa, kompyuta inauliza, "Wewe nani?" Kifaa kinatakiwa kijibu kwa kadi ndogo ya utambulisho yenye namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa. Code 43 yenye maneno hayo uliyoyanukuu inasema kadi haikufika, au ilifika imeharibika. Ukitaka kuhakikisha, bonyeza kulia kwenye hicho kifaa, ingia Properties, kisha Details, chagua Hardware Ids. Kama unaona VID_0000 na PID_0002, hiyo si namba ya pleya yako. Ni namba ambayo Windows hujiwekea yenyewe pale ambapo kifaa kimeshindwa kujitaja.

Ndiyo maana zile programu za draiva hazikukusaidia. Draiva huchaguliwa kwa kutumia namba hiyo. Jina halijajulikana, kompyuta itachagua draiva ya nani? Naona watu wengi wakipoteza siku nzima hapa, wanabadilisha hili na lile upande wa programu, kumbe tatizo liko kwenye milimita chache za chuma.

Sasa fanya hivi, na ufanye taratibu.

Chomoa kila kitu kingine cha USB ambacho hukihitaji. Kama unapitia kwenye kigawanyio cha poti, kiache. Kama ni kompyuta ya mezani, tumia poti za nyuma zilizo moja kwa moja kwenye ubao mkuu, kwa sababu za mbele zinapitia waya mwingine wa ndani ambao mara nyingi umelegea. Kama kuna poti nyeusi na za buluu, jaribu nyeusi kwanza. Pleya za enzi hiyo wakati mwingine zinaelewana nayo vizuri zaidi.

Chaji pleya kwa chaja ya ukutani saa nzima kabla ya kuichomeka kwenye kompyuta. Betri ikiwa chini sana, pleya inaweza kujizima katikati ya kujibu.

Kisha chukua tochi uangalie ndani ya kichomekeo. Mini-USB ina pini tano kwenye kiulimi chembamba. Mfukoni huingia nyuzi za nguo, zinashindiliwa chini kila ukichomeka, hadi zinakuwa kama sponji. Zima pleya, tumia kijiti cha mbao chenye ncha, usitumie sindano wala kitu chochote cha chuma. Kwaruza kwenye pembe, mbali na pini.

Na kabla ya yote, iweke pleya mezani uitazame kwa ubavu. Mfuniko ukiwa umevimba au kioo kimenyanyuka, hiyo ni betri, usiichaji tena, utuambie kwanza.

#7 Mgeni Mwema

Samahani wakuu naingilia. Ya kwangu ni mpya kabisa, ina kichomekeo cha USB-C. Nikitumia kebo ya C kwa C haichaji wala haionekani kwenye kompyuta. Nimeirudisha dukani nikapewa nyingine, nayo ni vile vile. Pleya mbili mbovu mfululizo inawezekana?

#8 WayaMbili

Karibu mkuu. Ubovu upo, ila ni wa usanifu, kwa hiyo pleya zote mbili zimezaliwa nao.

Poti ya USB-C haitoi umeme ovyo. Inasubiri kwanza ione kizuizi cha kilo-ohm 5.1 upande wa kifaa, kwenye pini zinazoitwa CC. Watengenezaji wa vifaa vya bei ndogo huweka kichomekeo cha C wakaruka vile vizuizi viwili vidogo. Ukitumia kebo ya C kwa C, kompyuta haioni kizuizi, hivyo inabana umeme kana kwamba hakujachomekwa kitu. Tumia kebo ambayo upande wa kompyuta ni ule mstatili wa zamani, USB-A, na upande wa pleya ni C. Pale umeme upo muda wote, hausubiri kuona kizuizi upande wa pleya.

#9 Mgeni Mwema

Imekubali papo hapo! Na zile nyimbo nimeziona. Asante sana mkuu, nilikuwa najiandaa kurudi dukani mara ya tatu.

#10 Mjukuu

Wakuu, nimerudi.

Betri haijavimba. Nimechaji saa moja na nusu. Nimeangalia kwa tochi na sikuamini: kulikuwa na kitu cha kijivu kimeshikana chini ya kile kiulimi, nikadhani ni sehemu ya kichomekeo. Nimekitoa kwa kijiti vipande vipande, ukubwa wa punje ya mchele. Kebo sasa inaingia hadi mwisho, inalia "tik", zamani haikuwa inalia hivyo.

Nimeichomeka poti ya nyuma. Mlio mmoja wa kuunganishwa, haukufuatiwa na wa kukatika. Pleya inaonekana kwa jina lake! Lakini haionekani kama diski yenye herufi. Ina picha ya kifaa cha muziki. Ndani kuna folda ya Music na folda ya Record. Kwenye Record kuna yale matatu tu.

Nimeanza kunakili la kwanza, likafika katikati likasimama. Nimegundua nikigusa kebo hata kidogo inakatika. Nimeshika pumzi, nimeacha kila kitu kama kilivyo.

#11 Pengwini

Hongera kwa kutoendelea kubonyeza. Nimefuatilia uzi tangu mwanzo, naomba nichukue hapa.

Kichomekeo chako kina uchafu uliotoka, na pia kimelegea kwenye bodi. Nadhani huko ndiko matatizo yako yote yalikoanzia: miaka hiyo ulipokuwa unaweka nyimbo, kebo ilikatika pleya ikiwa katikati ya kuandika, na jedwali la mafaili likabaki limeandikwa nusu. Kwa hiyo rekodi nane hazijafutwa. Zimepotea njia.

Ilaze pleya kwenye kitambaa kilichokunjwa, kebo iwe imenyooka, ibane kwa utepe wa gundi juu ya meza isicheze. Usiishike mkononi. Kisha nakili yale matatu, moja moja.

Sasa kuhusu kutokuwa na herufi ya diski. Pleya nyingi zinajua lugha mbili. Moja ni MTP, ambayo Microsoft waliikuza kutoka kwenye ile ya kamera inayoitwa PTP. Nyingine ni MSC, lugha ya flashi za kawaida. Katika MTP pleya inabaki mwenye nyumba: kompyuta inasimama mlangoni, inaomba faili kwa jina, pleya inaenda ndani na kulileta. Faili ambalo pleya haijui liko wapi, kompyuta haitaliona kamwe. Katika MSC pleya inakabidhi funguo, kompyuta inaingia na kusoma kila chumba yenyewe. Wewe unahitaji MSC.

Angalia kwenye menyu ya pleya, sehemu ya mipangilio, utafute "USB Mode". Kutakuwa na Auto, MTP na MSC, au neno kama Mass Storage. Chomoa kwanza ndipo ubadilishe.

ILA soma hili kabla hujachomeka tena. Windows inaweza kukuletea dirisha lenye "Scan and fix" au kukuambia ufomati. Ya pili kila mtu anaiogopa. Ya kwanza inaonekana ya msaada, na kwa diski ambayo ina nakala yake mahali pengine ni ya msaada kweli. Kwako hapana. Inasahihisha jedwali hapo hapo kwenye pleya, na vipande visivyo na mwenyewe inaweza kuvigeuza kuwa mafaili yanayoishia na .CHK au kuviachia nafasi yake kama mahali patupu. Funga dirisha kwa ule msalaba.

#12 Kaseti79

Niongezee kwa wanaosoma uzi huu wakiwa na iPod za gurudumu, maana Apple waliacha kuziuza 2014 na bado ziko mikononi mwa watu wengi.

Ikiganda au isipoonekana, hakikisha swichi ya Hold imefunguliwa, kisha shikilia Menu na kitufe cha katikati kwa pamoja hadi nembo itokee. Nembo ikitokea tu, achia, ushike haraka kitufe cha katikati pamoja na Play. Itaingia Disk Mode, inakuwa kama diski ya kawaida. Nimewahi kuokoa nyimbo za mtu kwa njia hiyo wakati programu ya ndani imekwama kabisa. Na kama iPod iliandaliwa mara ya kwanza kwenye Mac, diski yake ni ya mfumo wa HFS+ ambao Windows haiusomi yenyewe. Windows ikikuambia ufomati, haina maana diski imekufa. Ipeleke kwenye Mac ukanakili huko.

Zenye diski inayozunguka, ukisikia "tak, tak, tak" ndani kama kucha inayogonga meza, zima. Kila dakika ya kuiwasha inaila zaidi.

#13 Masikio

Wakuu niliongea haraka kule #3, Mjukuu nisamehe. Nina swali pia. Pleya ya kaka yangu, zile za sauti ya hali ya juu, ikichomekwa kompyuta inakata sauti ya spika na diski haionekani. Ni kebo?

#14 Soketi

Hapana, kebo yako nzima. Pleya iko kwenye hali ya USB DAC. Kompyuta imeitambua vizuri sana, ila kama kadi ya sauti, ndiyo maana spika zinanyamaza: sauti imehamia kwenye pleya. Mwambie kaka aingie kwenye mipangilio ya USB abadilishe kwenda Storage, achomoe, achomeke upya.

#15 Mzunguko

Na wale ambao MTP haionekani kabisa ingawa kebo na kichomekeo ni vizima: angalieni toleo la Windows. Yale yenye herufi N mwishoni hayana vipande vya muziki na video, na MTP inategemea vipande hivyo. Inabidi kuongeza Media Feature Pack. Mac nayo haina MTP ndani yake, unahitaji programu ya ziada au uibadilishe pleya kwenda MSC.

#16 Mjukuu

Yale matatu nimeyapata, yote mazima, nimeyaweka sehemu mbili tofauti.

Kisha nimebadilisha kwenda MSC. Imetokea kama diski E. Sekunde hiyo hiyo likaja dirisha la "Scan and fix", kama mlivyosema. Nimelifunga kwa msalaba. Nimejaribu kufungua folda ya Record, inasema faili au folda imeharibika na haisomeki. Pleya iko mezani imebanwa na gundi, sijaigusa. Nifanye nini?

#17 Pengwini

Ichomoe kwa utaratibu wa kutoa salama, halafu pumzika kidogo. Kuanzia hapa pleya tutaisoma mara moja tu, kazi iliyobaki tutaifanya kwenye nakala.

Utahitaji flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa, na diski nyingine yenye nafasi zaidi ya GB 4 ya kuwekea nakala. Ukishawasha kompyuta kwa hiyo flashi, weka programu mbili: gddrescue (amri yake inaandikwa ddrescue) na testdisk. PhotoRec, ya kutafuta mafaili yaliyopotea, inakuja ndani ya testdisk.

Chomeka pleya ikiwa MSC. Fungua dirisha la amri, andika lsblk. Utaona diski zote na ukubwa wake, ya karibu GB 4 ndiyo yako. Tuseme ni sdc. Hakikisha mara mbili, tafadhali. Kama mfumo umeifungua wenyewe, ifunge (unmount), usinakili kitu. Kisha, ukiwa ndani ya folda ya diski ya pili:

sudo ddrescue -d /dev/sdc bibi.img bibi.map

Hiyo inasoma pleya kipande kwa kipande tangu mwanzo hadi mwisho, haiandiki chochote humo. Faili la bibi.map linakumbuka umefika wapi. Nimechagua ddrescue kwa sababu ya kichomekeo chako: kebo ikikatika, rekebisha, chomeka, rudia amri ile ile, itaendelea ilipoishia. Angalizo moja: baada ya kukatika, pleya inaweza kurudi kwa jina sdd badala ya sdc. Angalia lsblk kila mara kabla ya kurudia.

Ukitaka kujua kama mawasiliano ni mazuri, andika sudo dmesg. Ukiona "error -71" mazungumzo yanavurugika njiani, "error -110" kifaa kimechelewa kujibu hadi kompyuta ikakata tamaa. Mara nyingi dawa ya zote mbili ni kebo, poti au kichomekeo.

Nakala ikikamilika, izidishe: cp bibi.img kazi.img. Tutafanya kazi kwenye kazi.img tu.

#18 Mjukuu

Ilikatika mara nne. Mara ya tatu ilirudi kama sdd, bila lile angalizo ningeharibu. Mwishoni imefika asilimia 100, makosa sifuri. Nimezidisha nakala.

Nimeipitisha PhotoRec kwenye kazi.img. Imeniletea mafaili mengi sana yenye majina ya namba, nyimbo zimechanganyika na rekodi. Nimechambua yale ya WAV. Ni tisa. Nimefungua moja bila kujua ni ipi, nikasikia kiti kikivutwa sakafuni, kisha bibi akakohoa kidogo, kisha akataja jina langu. Nimeshindwa kuendelea jana. Leo nimesikiliza yote.

Saba ni nzima. Mbili zinaanza na bibi, katikati zinageuka kelele tupu. Na sijui ipi ilitangulia ipi, majina yote ni namba za ajabu.

#19 Pengwini

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

PhotoRec haitazami jedwali hata kidogo. Inatembea ndani ya nakala ikitafuta alama za mwanzo wa faili. Kwa WAV ni herufi RIFF. Kwa hiyo jina linapotea, na faili lililogawanyika sehemu mbili mbali mbali linakatika pale linaporuka. Hizo mbili zenye kelele zimegawanyika. Kuziunganisha kunahitaji jedwali.

Habari njema ni kwamba FAT, yaani mfumo wa kupanga mafaili uliomo kwenye pleya yako, kwa kawaida huweka nakala mbili za jedwali hilo. Pleya yako ilikatika wakati inaandika, kuna uwezekano ya kwanza ilivurugika na ya pili ikabaki. Rudia cp upate kazi2.img, ifungue kwa testdisk, nenda Advanced, chagua sehemu ya FAT, ingia Boot, kisha Repair FAT. Inalinganisha nakala hizo mbili. Programu yenyewe inaonya kwamba hiyo ni hatua ya hatari, na ni kweli, ndiyo maana tunaifanya kwenye nakala ya nakala.

#20 Mjukuu

Wakuu.

Testdisk ilikuta tofauti kati ya majedwali mawili, nikachagua la pili. Nimefungua kazi2.img kama diski. Folda ya Record ina mafaili kumi na moja, REC001 hadi REC011. Zile mbili zilizokuwa na kelele sasa zinacheza hadi mwisho. Ya nane ndiyo inayoeleza alivyokutana na babu, na nilikuwa nimeisikiliza jana kabla ya ya tatu, ambapo anasema alikataa kuolewa. Kwa mpangilio inaeleweka kabisa.

Sina la kuwalipa. WayaMbili, Soketi, Pengwini, Mungu awaweke. Nimewatumia wajomba na mama wote nakala.

Swali la mwisho: pleya yenyewe niifanye nini? Bado naipenda.

#21 Soketi

Ukishakuwa na nakala sehemu tatu, na mojawapo isiwe nyumba moja na nyingine, ifomati kwa menyu ya pleya yenyewe, usitumie ya Windows. Yenyewe inajua inataka mfumo gani na ukubwa gani wa vipande, na itajitengenezea folda zake. Kichomekeo apewe fundi mwenye ncha nyembamba ya kulehemu. Mwambie aanze na masikio mawili ya chuma yanayokishikilia kwenye bodi, ndiyo hubanduka kwanza, kisha azipitie zile pini tano. Aitoe betri kabla ya kuweka moto.

#22 Mjukuu

Nimeandika yote kwenye karatasi, naipeleka Jumamosi. Nitarudi kusema ilivyokuwa.